Siku nilipochana mchoro wa mzee

Hii ilikuwa 2013, nafanya kazi kwenye duka moja la kuprinti michoro pale Kariakoo. Tulikuwa na skana kubwa ya rola, ile inameza mpaka A0, yaani upana wa sentimita 84 na urefu wa karibu mita 1.2. Akaja mzee mmoja mchoraji ramani mstaafu, kabeba bomba la plastiki begani, ndani michoro ya nyumba alizochora miaka ya 70, anataka wanawe wabaki nayo kwenye flashi. Akaniambia, "Mwanangu, hii ndo kazi yangu yote, naomba uishike vizuri." Nikamwambia usijali mzee.

Sasa mi nilizoea michoro inayotoka kwenye ploti, ile printa kubwa ya michoro, karatasi nyeupe tu kila siku, kwa hiyo skana ilikuwa imekaa kwenye setingi ya karatasi ya kawaida, nyeusi na nyeupe, na sikuigusa. Nikaanza na bluprinti, ile karatasi nzima ni bluu na mistari ndo myeupe. Kwenye skrini ikatokea nyeusi tii, mistari imekatikakatika, maana mashine inasubiri karatasi nyeupe yenye wino mweusi na hapa kila kitu kiko kinyume. Nikaweka tresing pepa, ile karatasi ya kuchorea inayopitisha mwanga, ikatoka ya kijivu na mikunjo yake yote imeshika, mzee akasogea akauliza, "Huu ukuta hapa sikuuchora mimi, umetoka wapi?" Kumbe ni mkunjo.

Hapo ndo nilitakiwa nisimame, nami nikaweka wa tatu. Ulikuwa kopi ya zamani ya mistari ya bluu iliyopauka kwa mwanga, pembeni umebandikwa solotepu imeshakuwa ya kahawia. Rola ikaushika upande mmoja, solotepu ikanasa, nikasikia ule mlio. Nilibonyeza stop lakini ilishachanika urefu wa kiganja. Mzee hakusema kitu, akaja akashika ile ncha kwa vidole viwili. Nilimwomba radhi, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Nikafunga kazi za wengine, nikafuta kioo cha skana maana gundi ilishabaki pale, na kitone kidogo tu kwenye kioo kinakuchorea mstari toka juu ya karatasi mpaka chini. Kisha nikapitisha mkono kwenye kila karatasi, nikazitenga mafungu mezani na mzee akanisaidia. Bluprinti nikaziskani kwa rangi, dpi 400, yaani nukta 400 kwa kila inchi, kugeuza mistari iwe myeusi nikafanyia kwenye kompyuta. Tresing nikaichagulia setingi yake yenyewe, nikapunguza mandharinyuma kidogokidogo mpaka penseli ikabaki na mikunjo ikafifia. Zile zilizochoka zote zikaingia kwenye kava la plastiki angavu, rola inashika plastiki, karatasi haiguswi. Tulimaliza saa mbili usiku.

Ule uliochanika tuliuacha wa mwisho. Mzee mwenyewe ndo aliunganisha kingo ndani ya kava, taratibu, mi nimeshika upande wa pili, tukaupitisha pamoja. Ulipotokea akaweka kidole kwenye kona ya chini ya skrini, akasoma tarehe na sahihi yake kwa sauti. Mpasuko ulikuwa umepita juu kidogo tu ya hiyo sahihi.