Oktoba ya Lubumbashi: joto lipo, mvua je?

Mwezi wa kumi ukifika, simu ya kila mtu hapa Lubumbashi inaonyesha wingu lenye radi na kando yake asilimia 40: jana, leo na kesho. Mwenye shamba njia ya Kasenga au ya Kipushi anaiangalia na kujiuliza kama anunue mbegu sasa au angoje.

Asilimia hiyo haimjibu. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zinazofanana na ya leo, mahali hapo patanyeshewa siku nne, na matone ya kulaza vumbi tu nayo yanahesabiwa kuwa mvua. Haisemi ni milimita ngapi, wala itanyesha kwa muda gani. Halafu kuna suala la ukubwa. Kompyuta za kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, hugawa dunia katika vipande vya kilometa 9 hivi, wakati wingu moja la radi la mwanzo wa msimu linaweza kuwa na upana wa kilometa 5 tu. Ndiyo maana Ruashi hufurika huku Katuba wakifagia vumbi, na utabiri uleule ukawa sahihi kwa wote wawili.

Kwanza tuelewe joto lenyewe. Mji wetu uko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini tarehe 23 au 24 Oktoba, kisha tena karibu na tarehe 18 Februari. Mbona Februari hatuungui? Kwa sababu Februari kuna mawingu na udongo umeshiba maji. Sehemu kubwa ya nguvu ya jua inatumika kuyakausha maji hayo. Oktoba udongo umekauka tangu Mei, kwa hiyo nguvu yote inaingia ardhini na hewani. Kivulini unapata nyuzi 33, na ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari ni zaidi ya hapo. Lakini joto peke yake halileti mvua. Linainua hewa tu, na kama hewa hiyo ni kavu, umeinua ukavu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni maji yaliyomo hewani, na hapa wengi wanaangalia namba isiyofaa. Asilimia ya unyevu hubadilika pamoja na joto: asubuhi inaweza kuwa 80, mchana 30, na maji hewani ni yaleyale. Tafuta kwenye simu ile namba ambayo Kifaransa kinaiita point de rosée, yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo umande unaanza kutokea. Itoe kwenye joto la mchana, kisha zidisha kwa 125. Jibu ni kimo, kwa mita, cha tumbo la wingu juu ya ardhi.

Chukua siku ya mwanzoni mwa Oktoba: joto 33, umande 8. Tofauti ni 25, na wingu litaanzia mita 3,125 hivi. Matone yakianguka kutoka huko yanapita kwenye hewa kavu na kukauka njiani. Ukitazama mbali unaona pazia la kijivu linaning'inia bila kugusa chini. Hewa iliyopozwa na matone hayo inakuwa nzito, inaporomoka kwa kasi, inatawanyika ardhini. Hiyo ndiyo dhoruba ya vumbi inayong'oa mabati na kuondoka bila kuacha ndoo ya maji. Radi zake huwasha pori pia, kwa kuwa hakuna mvua ya kuuzima moto. Sasa chukua siku nyingine: joto 29, umande 17. Tofauti ni 12, wingu linaanzia mita 1,500. Lile ndilo linalomwagilia, ingawa siku yenyewe haikuwa kali kuliko ile ya kwanza.

Kwa vipimo vya hapa kwetu, umande ukiwa chini ya 10 sahau mvua ya maana, hata simu ikionyesha radi tatu. Ukifika 16 na kubaki hapo siku kadhaa, tazama upepo. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, mkavu. Ukigeuka na kutoka kaskazini-magharibi, unaleta unyevu wa bonde la Kongo. Mambo hayo mawili yakikutana, msimu umekaribia kweli. Barometa ya simu usiisumbukie: katika nchi za joto presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa ratiba yake, mvua iwepo isiwepo.

Siku yenyewe isome kwa macho. Asubuhi iliyofunikwa na mawingu mazito mara nyingi hupunguza radi, kwa sababu ardhi haikupata kuchemka. Asubuhi yenye jua na hewa ya kunata ndiyo ya kuangalia. Mawingu madogo yakianza kurefuka kabla ya saa sita mchana, na kufika saa tisa alasiri moja limetandaza kichwa kama fuawe la mhunzi, anza kuanua.

Wafyatua matofali wanajua gharama ya kuchelewa: tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Tanuru imalizwe kuchomwa mapema, na mabichi yafunikwe kwa plastiki iliyobanwa pembeni. Kuhusu paa, mawe juu ya mabati ni hatari kuliko faida, upepo ukiinua bati jiwe linamwangukia mtu. Pigilia msumari wenye mpira kwenye mgongo wa bati, wala si kwenye bonde lake, na uiongeze kwenye ukingo wa nje ambako upepo huingilia. Maji ya kwanza ya paa yana vumbi na masizi, yamwage.

Radi iwe ya kutumwa au isiwe ya kutumwa, inapenda kitu kirefu kilichosimama peke yake. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, unapata kilometa. Sekunde zikiwa chini ya 30, acha jembe. Mwembe wa katikati ya shamba si kimbilio, wala kibanda cha nyasi kisicho na kuta. Gari lililofungwa madirisha ni zuri. Rudi shambani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Watu wengi hupigwa wanapodhani imekwisha.

Tukirudi kwenye mbegu, pima mwenyewe. Kata chupa ya lita 1.5 yenye pande zilizonyooka, pale mabega yanapoanzia, kisha geuza kipande cha juu kiwe kama faneli. Weka kokoto chini, mimina maji mpaka pande zinaponyooka, hapo andika sifuri, halafu piga alama za milimita kwa rula. Chupa yenye kiuno itakudanganya. Iweke mbali na mti kwa mara mbili ya urefu wa mti huo, mdomo wake ukiwa sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi ili matope yasirukie ndani. Soma kila asubuhi, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba.

Mvua moja ya milimita 12 inatosha kuotesha mahindi lakini haitoshi kuyalisha; jua la siku kumi likifuata, miche inakauka na pesa ya mbegu imekwenda. Ngoja jumla ya milimita 25 ndani ya wiki moja, kisha chimba kwa jembe: udongo uwe na unyevu mpaka sentimita 15 au 20. Kwa kawaida hali hiyo huja baada ya katikati ya Novemba. Ukichelewa kupita katikati ya Desemba, nunua mbegu ya muda mfupi, kwa kuwa mvua hukatika Aprili na ile ya muda mrefu itakuwa bado inajaza punje.