Bawabu na mbayuwayu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, mnisamehe tafakari imechelewa, umeme ulikatika tangu juzi na simu ikazima. Tusome Zaburi 84. Wengi tunaishika kwa ule mstari wa 10, "Ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu", ila rudini nyuma hadi mstari wa 3, kuna shomoro na mbayuwayu wamepata pa kuweka makinda yao, yaani ndege na mlinzi wa mlango wako kwenye wimbo mmoja, tena wimbo wenyewe ni wa wana wa Kora, na ukisoma 1 Nyakati 9 utawakuta Wakora haohao wakilinda malango.

Hapo nikamkumbuka Maurice Broun na mkewe Irma. Huko Pennsylvania, Marekani, kuna mlima unaitwa Hawk Mountain, kila mwaka kabla ya baridi mwewe na tai wanapita pale wakishuka kusini, na zamani watu walikuwa wanapanda na bunduki wanawatungua kwa mamia, wala sio kwa kula, burudani tu. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, akaukodi ule mlima akawaweka hawa wawili wawe walinzi. Maurice alikuwa mtu wa ndege haswa, anakaa juu kwenye mawe na darubini anahesabu kila anayepita. Irma yeye getini. Wageni wanapitia kwake, na mwenye bunduki anaambiwa hapa huendi, na fikiria mwenyewe mwindaji aliyezoea mlima wa babu zake anazuiwa na mwanamke, hizo salamu zilikuwaje.

Daftari la Maurice likawa linajaa mwaka hadi mwaka (Vita vya Pili vya Dunia ndo vilimsimamisha, alienda jeshini). Sasa angalieni hili: kati ya 1935 na 1939, kwenye kila tai 100 waliopita, 40 walikuwa wachanga, unawajua kwa manyoya meusi, kichwa bado hakijawa cheupe. 1955 hadi 1959 wakashuka hadi 20, na mwaka 1957 peke yake ilikuwa mchanga mmoja kwa wakubwa 32. Mtu wa kawaida akitazama juu anasema mbona tai wapo! Wapo kweli, ila makinda ya mstari wa 3 hayapo. Mwandishi Mmarekani Rachel Carson alipoandika mwaka 1962 jinsi DDT na sumu zingine za mashambani zinavyodhuru ndege, hesabu hizo za Broun alizitumia.

Mimi kusema ukweli nilikuwa nadhani huduma ni mimbari na maiki. Halafu nikawaza wazee wetu wawili pale usharikani, mzee yule aliyesimama mbele ya shoka tusikate mkuyu nyuma ya kanisa kisa una viota (tulimcheka, nami nilicheka), na mama anayetunza kabati la vitabu, kila Jumatano na lile daftari lake la kaunta, jina, kitabu, tarehe, na ukichelewesha anakufuata mpaka kwenye kwaya.

Sasa mama anaenda kwa binti yake aliyejifungua, mwezi mzima. Funguo za kabati kaniachia mimi na Jumatano niko zamu kazini, nani anaweza kukaa pale kuanzia saa kumi jioni? Daftari limo ndani, kalamu mje nayo.