Rangi ya YA-1

Leo mchana, hapa Iwata katika mkoa wa Shizuoka, hatimaye nimesimama mbele ya Yamaha YA-1 ya mwaka 1955, ndani ya jumba la maonyesho la kampuni hiyo.

Ndiyo pikipiki yao ya kwanza, iliyotoka kwa watu ambao hadi wakati huo walijulikana kwa piano na vinanda. Injini yake ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 125 za ujazo (cc), ni ya aina ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, na umbo lake lilifuata DKW RT 125 ya Ujerumani. Julai ya mwaka huohuo ilishinda mbio za kupanda Mlima Fuji katika daraja lake.

Kilichonishika, hata hivyo, ni rangi.

Wakati ambapo pikipiki nyingi za Japani zilikuwa nyeusi tititi, hii ilipakwa damu ya mzee pamoja na rangi ya pembe za ndovu, na watu wakaiita kereng'ende mwekundu. Nimeinama kwa muda mrefu nikitazama mahali rangi hizo mbili zinapokutana kwenye tangi, hadi mlinzi akaanza kunitupia jicho.

Binafsi siafiki mashine adimu kama hizi kupakwa upya zing'ae kuliko zilivyotoka kiwandani; afadhali kutu isafishwe, vyuma vitiwe mafuta, na rangi ya awali iachwe hata kama imechubuka.

Ndugu zangu mnaotunza Honda au Suzuki za baba zenu, ninyi mnapaka upya au mnaiacha? Na vipuri mnavipata wapi?