Yai lililomshawishi mama apasuliwe jicho

Mama alipoanza kuacha mawe kwenye maharagwe kwa sababu ya mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi ya jicho, niliambiwa nimnunulie vidonge vya vitamini E. Muuza dawa mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alinieleza kwa uhakika wote: oksijeni inachakaza protini za mwili, vidonge vinaizuia, basi jicho litasafika. Nusu ya kwanza ni kweli, na ndiyo iliyoniponza. Miezi saba, dola 60 hivi zikaenda, ukungu ukazidi.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu lilikuwapo tangu 2001. Utafiti mkubwa wa Marekani uliwapa watu vitamini C, E na beta-karotini kwa wingi, ukawafuata miaka 7 hivi, na mtoto wa jicho hakupungua. Nilipokaa kusoma nikaelewa. Protini nyingi zikiharibiwa na oksijeni, seli huzivunja na kuunda mpya, ingawa kazi hiyo hulegea uzeeni. Zile za katikati ya lenzi ya jicho hazibadilishwi kamwe: za mama ziliundwa akiwa bado tumboni mwa mama yake. Uchakavu wa miaka 71 umejikusanya palepale, protini zikashikamana, mwanga haupiti. Mwenye mzee wa namna hii, pesa ya vidonge aiweke kwa upasuaji.

Lakini mama alikataa. "Mwanangu, jicho halikatwi. Niongezee dawa."

Nikamwita kwenye jiko la makala, nikavunja yai kwenye sufuria. "Mama, ute huu unapitisha mwanga?" Akainama karibu sana. "Unapitisha." Tukangoja. Ukaanza kuwa mweupe pembeni, kisha wote. Nikaepua, nikaliacha lipoe, nikamwagia maji baridi, nikampa kijiko. "Urudishe basi uwe kama mwanzo." Alikoroga, kweli alikoroga, maji yakajaa vipande vyeupe. Nikamwambia jichoni si moto, ni oksijeni na mwanga wa jua kwa miaka mingi, lakini protini ikishagandamana hivyo hakuna kidonge cha kuirudisha.

Akakaa kimya muda mrefu.

"Sasa wakitoa hilo yai, wanaweka nini?"

"Lenzi ya plastiki."

"Hiyo haiivi?"

"Haiivi, mama."

Jicho la kulia lilifanywa Jumanne, jioni tukawa nyumbani. Wiki iliyofuata alichagua maharagwe niliyokwisha kuchagua mimi, akatoa mawe mawili. Sasa kila jioni ananiuliza la kushoto litapelekwa lini.