Shamba la Nabothi na Taa ya Kijani

Wapendwa katika Bwana, tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mazungumzo yetu hayaendi mbali kabla ya kufika kwenye viwanja: nani aliwahi Iyumbu kabla bei haijapanda, nani ana eka kadhaa karibu na Mtumba, nani aliuza mapema na sasa anajuta. Tunayazungumza hata nje ya kanisa, ibada ikiwa haijapoa. Wiki hii nami yamenishika. Nimekaa usiku nikipiga hesabu za ardhi nisiyokuwa nayo, ilhali nyumba ninayolala haivuji na watoto wameshiba, na nimetamani kujua ni kitu gani hasa kinachomnyima usingizi mtu aliyepewa riziki yake.

Katika hali hiyo nilirudia riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald iitwayo The Great Gatsby, iliyochapishwa mwaka 1925. Najua wapo watakaouliza riwaya ya walevi na wazinzi inatafuta nini katika tafakari yetu. Nitawajibu kwamba Vitabu vya Wafalme navyo havikuona haya kutusimulia habari za watu wa namna hiyo.

Jay Gatsby alizaliwa katika familia ya wakulima maskini wa North Dakota, akiitwa James Gatz. Alipokuwa kijana alimpenda Daisy, binti wa nyumba ya kitajiri, naye Daisy akaolewa na tajiri mwingine, Tom Buchanan. Gatsby alijikusanyia mali kwa njia za giza, ikiwemo biashara ya pombe katika miaka ambayo Marekani iliipiga marufuku, kisha akanunua jumba la fahari kando ya maji, ng'ambo ya nyumba ya Daisy. Kila wiki jumba lilijaa wageni, wengi wao hawakualikwa. Mwenyewe husimama gizani akinyoosha mikono kuelekea taa moja ya kijani iliyowaka kwenye gati la Daisy. Ajabu ni kwamba siku Daisy alipokuja hatimaye na kusimama naye dirishani, mwandishi anatuambia taa ile ilipungua hadhi, ikawa taa ya kawaida ya gati.

Wasomi huisoma riwaya hii kama hukumu juu ya ndoto ya Marekani, taifa ambalo Tangazo lake la Uhuru la mwaka 1776 liliitaja haki ya kutafuta furaha pamoja na uhai na uhuru. Baada ya Gatsby kufa, baba yake anatoa kitabu cha zamani ambamo mwanawe, akiwa mvulana mwaka 1906, aliandika ratiba yake: kuamka saa 12 asubuhi, kufanya mazoezi, kusoma, kuweka akiba, kuwatendea wazazi wema zaidi. Vijana wetu hufundishwa karibu maneno hayohayo kwenye semina, nami siyadharau. Taifa lilimpa kijana yule ruhusa ya kutafuta, na hilo ni jema, lakini hakuna tangazo la uhuru linaloweza kuuchagulia moyo kitu cha kutamani.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Sisi tulikuwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni au kuwa na nyumba ya kupangisha. Lilikuwa lengo la heshima, nami ni miongoni mwa wanaolikumbuka kwa upendo. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na wengi walionekana kupumua. Miiko iliweza kuizuia nyumba ya kupangisha. Hamu ya kuwa nayo ilibaki palepale moyoni, ikingoja.

Hamu hiyo ndiyo iliyomlaza Mfalme Ahabu kitandani. Sisi tunaoishi kwenye nchi ya zabibu tuisome 1 Wafalme 21 kwa uangalifu kuliko watu wengine, kwa sababu habari nzima inahusu shamba la mizabibu lililopakana na jumba la mfalme. Ahabu alikuwa na jumba, jeshi na ufalme, lakini alijilaza, akageuza uso wake na kukataa chakula kwa sababu ya kipande cha ardhi alichotaka kukifanya bustani ya mboga. Alikitazama kama Gatsby alivyoitazama taa ile, na mbele ya kitu kimoja alichokikosa, vyote alivyokuwa navyo vikawa si kitu.

Tena angalieni kwamba Ahabu alianza vizuri. Aliahidi kumpa Nabothi, mwenye shamba lile, shamba lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Dalali yeyote wa hapa mjini angesema bei hiyo ni ya haki. Kosa lilianza pale Nabothi aliposema hapana, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake, na mfalme akashindwa kuipokea hapana hiyo. Yaliyofuata mnayajua: Yezebeli, mke wa Ahabu, aliandika barua na kuzitia muhuri wa mfalme, wakapatikana mashahidi wawili wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe nje ya mji. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Barua zile ziliagiza watu watangaziwe kufunga. Wizi wa shamba ulivishwa vazi la ibada.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, nanyi mnivumilie. Tumesikia shuhuda kanisani za watu waliopata ardhi kwa bei ya ajabu, nasi tukapiga makofi na vigelegele bila kuuliza bei ile ilikuwa ya ajabu kwa nani. Wapo wazee wa Kigogo waliouza mashamba ya mtama na uwele kwa fedha iliyokwisha kabla ya mvua za mwaka uliofuata, kwa kuwa mnunuzi alijua barabara itapita wapi na muuzaji hakujua. Wapo wajane waliotia dole gumba kwenye karatasi wasiyosomewa. Wapo watoto waliorudi kutoka masomoni wakakuta uzio. Ndugu, ukinunua kwa kuutegemea ujinga wa mwenzako, muhuri wa mwanasheria haukutakasi, kwa maana barua za Yezebeli nazo zilikuwa na muhuri. Fungu la kumi utakalolitoa katika faida hiyo halitaibadilisha habari yake mbele za Mungu, aliyesema katika Walawi 25 kwamba nchi ni mali yake, nasi tu wageni kwake.

Fitzgerald aliliona jambo hili kwa jicho kali. Daisy, akiendesha gari la Gatsby, alimgonga na kumuua Myrtle, mke wa fundi maskini aliyeishi kwenye bonde la majivu. Fundi yule, kwa kuelekezwa na Tom, akamuua Gatsby akidhani ndiye mwenye kosa, kisha akajiua. Tom na Daisy walifungasha wakaondoka, wakirudi ndani ya fedha zao na kuwaachia wengine kazi ya kufagia. Daisy hakutuma hata ua. Kati ya mamia waliokula kwa Gatsby, waliofika kumzika walikuwa baba yake, rafiki mmoja, watumishi wachache, mtu wa posta na mgeni mmoja aliyechelewa. Kwetu msiba wa namna hiyo ungehesabiwa kuwa laana.

Basi, anayepanga kununua ardhi mwaka huu aketi na familia nzima ya muuzaji, watoto wakiwemo, awaeleze anachokijua kuhusu eneo hilo, na wakisema hapana, arudi nyumbani ale chakula chake. Ambaye tayari amenunua na moyo unamhukumu, njia ya Zakayo bado iko wazi: alitaja nusu ya mali yake kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Wazee wa kanisa watakuwepo baada ya ibada ya pili kwa yeyote anayehitaji mtu wa kwenda naye kwa familia iliyomuuzia shamba.