Utosi wa mpwa wangu

Wiki ya tatu sasa nasoma anatomia, mwaka wa kwanza wa uuguzi, na mwili siuangalii tena kama zamani. Asubuhi kwenye daladala ya Mbagala nimesimama, nimeshika bomba, nahesabu mifupa ya mkono: kiganja na vidole 19, kifundo 8. Jumla 27! Mkono mmoja tu huo, kati ya mifupa 206 ya mtu mzima. Majina ya Kilatini yananitesa (skafoidi, lunati...), ila nikikunja kifundo huku nayataja, yanakaa.

Lakini jana jioni ndiyo iliyonigusa. Dada alikuwa anamwogesha mwanawe wa miezi 4, mama akamwambia, "Taratibu hapo utosini, panapumua." Nikaweka kidole. Panadunda kweli, harakaharaka, kwa mapigo ya moyo. Nikawaeleza kwamba mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana bado, ndiyo maana kichwa kiliweza kujibana kidogo kupita njia ya uzazi, na ubongo una nafasi ya kukua. Utosi huo wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya mwaka na mwaka na nusu. Ukibonyea ndani, huenda mtoto amepungukiwa maji, awahishwe kituo cha afya. Na joto hili la Dar, jamani, hilo tulijue wote.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi yangu naye alikuwa anapaangalia hapohapo mtoto akiharisha."

Usiku huu nalirudia fuvu lote, mwanzo kabisa.