Mto Hauchimbuliwi

Mwishoni mwa 2006, kesi za gacaca, mahakama za kijamii za kuhukumu mauaji ya kimbari ya 1994, zilipokuwa zimeenea Rwanda nzima, nilikuwa mmoja wa makatibu wa baraza la kata yetu. Tulikuwa inyangamugayo tisa, yaani majaji raia tuliochaguliwa na majirani, mshipi wa rangi za bendera begani.

Siku ile tulianza kama kawaida. Watu wote wakasimama kimya dakika moja kwa ajili ya waliouawa 1994, kanuni zikasomwa, mshtakiwa akaitwa mbele. Alikuwa ameachiwa kwa muda 2003 kwa sababu alikiri akiwa gerezani. Kazi yangu ilikuwa kusoma ungamo lake kwa sauti.

Kukubali kosa peke yake hakukutosha. Sheria ilitaka aeleze lilitendeka vipi, lini na wapi, miili ilitupwa wapi, alikuwa na nani, kisha aombe msamaha hadharani. Ungamo la muuaji wa kundi la pili, yaani asiye mpangaji wala kiongozi wa mauaji, kama alilitoa kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya watuhumiwa, lilimpa kifungo cha miaka 7 hadi 12, nusu yake kazi za jamii. Likikataliwa, 25 hadi 30. Kila neno lilikuwa na bei yake.

La huyu lilikuwa laini mno. Alitaja wenzake wanne: watatu marehemu, mmoja yuko ng'ambo. Ujanja huo tulishauzoea, maana marehemu hanyoshi mkono kubisha. Tukafungua madaftari ya 2005, tulipokusanya habari: nani aliishi hapa kabla ya Aprili 1994, nani aliuawa, nani alionekana kwenye kizuizi cha barabarani cha wauaji. Yakatoka majina ya watu wawili walio hai, na wote wawili walikuwa wameketi palepale nyasini.

Mjane mmoja akanyosha mkono. Hakuuliza habari za wauaji.

"Jirani, mume wangu na mwanangu mliwaweka wapi?"

"Mtoni."

Jibu hilo lilipendwa kwa sababu mto hauchimbuliwi. Lakini nyumba ya mjane iko juu mlimani, mto uko mbali bondeni. Jaji mmoja, mkulima, akamuuliza walipitia wapi na mizigo ya watu wawili katika matope ya mvua za Aprili. Alinyamaza. Mzee aliyekaa nyuma akasema, bila hata kuinuka: "Choo cha zamani, pale kwenye migomba."

Tukaahirisha kesi. Choo cha shimo hakichimbwi kutokea juu, kuta huporomoka na jembe huvunja mifupa. Unafungua mtaro pembeni, unashuka nao, ukikaribia unaacha jembe na kutumia mikono. Nguo zinatengwa kwanza, kwa kuwa ndizo familia hutambua. Siku ya pili ikatoka sweta ya mtoto yenye vifungo viwili visivyofanana. Mama aliishona mwenyewe.

Kikao kilichofuata ungamo lilikataliwa. Nilisoma kumbukumbu zote kwa sauti, waliozungumza wakatia saini, mjane akaweka dole gumba. Akauliza na mabati yake na ng'ombe. Nikamwambia mali iliyoporwa ni kundi la tatu, kesi hiyo si yetu, ni ya baraza la akagari, eneo dogo chini ya kata, na huko hakuna kifungo, ni kulipa au kuelewana. Akaniuliza wanakaa siku gani.